Chungu Alichorudisha Fundi

Sijapata kuona mwanamume mwoga kama Fundi, na miaka ile ya Wadachi waoga hawakuwa haba. Sote tuliogopa. Askari walipita njiani na kiboko mkononi, na mtu mwenye akili aliposikia viatu vyao alikumbuka ana shughuli nyuma ya nyumba. Lakini uoga wetu sisi wengine ulikuwa na mapumziko. Askari akishapita, tulirudi barazani tukacheka. Fundi hakupumzika. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa mto Morogoro hata wakati wa kiangazi maji yanapofika kifundoni. Alimwogopa kuku wangu mmoja mwekundu, na naapa nilimwona akizunguka nyumba nzima asije akakutana naye mlangoni.

"Kwa mwoga huenda kicheko, shemeji," aliniambia siku hiyo nilipomcheka. "Kwa shujaa huenda kilio. Wewe cheka tu."

Methali hiyo alikuwa nayo mdomoni asubuhi na jioni. Wengine walidhani anajitetea. Mimi nilikuja kuona kwamba aliiamini kabisa.

Tulikuwa majirani miaka mingi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati upande wa stesheni, nyuma ya maduka ya Wahindi, na kati ya banda hilo na ua wangu palikuwa na ukuta wa matete tu. Nikitwanga namwona, nikipika ananusa mboga yangu na kuniambia imekosa chumvi. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu kupita kiasi na ndevu zilizoungua upande mmoja kwa cheche. Alipenda kukaa mahali ambapo mgongo wake unagusa ukuta. Joto la mvukuto lilikuwa la kumwivisha mtu, na wahunzi wote niliowajua walifanya kazi kifua wazi, lakini yeye hakuvua shati hata siku moja.

Sababu yake aliisema mara moja tu, tena akiwa na homa. Wakati reli inajengwa kuja kwetu, mtu mwingine aliacha nati bila kuikaza kwenye behewa la kubebea mawe. Behewa likaachia, mawe yakamwagika, kibarua mmoja akavunjika miguu. Msimamizi hakuuliza nani kafanya, alimshika aliyekuwa karibu. Fundi akalazwa chini mbele ya wenzake akapewa hamsa-wa-ishirini, vile viboko ishirini na tano ambavyo kila mtu wa zama zetu alijua idadi yake hata kama hakusoma hesabu.

"Nilikuwa nahesabu," aliniambia, meno yakigongana. "Halafu nikapotea hesabu, nikadhani wataanza upya."

Kisha akageukia ukuta. Sikumuuliza tena, wala yeye hakunikumbusha.

Sasa mtu huyuhuyu, anayekimbia kuku, mbele ya kazi yake alikuwa hasogezeki. Watu walimletea mikokoteni, vyerehani, pampu za maji, magari ya kubebea mpira kutoka mashambani. Mara nyingi mtu alikuja mikono mitupu akasema, Fundi nipe bolti ya unene huu, akaonyesha kidole gumba. Fundi aliwajibu wote neno moja.

"Niletee tundu."

"Tundu nitalileta vipi, we mzee?"

"Basi lilete na mkokoteni wake."

Watoto wa mtaa wakamwita Niletee Tundu, naye hakukasirika. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa ngozi, mtu mzito mwenye sauti ya kufukuzia nyani, ana haraka ya kwenda Gairo na mkokoteni wake umelala njiani. Alitaka bolti, na aliitaka pale pale. Akapiga kelele mpaka wanawake tukatoka nyuani. Fundi akatetemeka, akarudi nyuma, akajificha nyuma ya mvukuto tukabaki kuona ndevu tu. Lakini kutoka kule nyuma ya mvukuto sauti ikaja, nyembamba, inayumba: "Niletee tundu." Yule mtu alimaliza matusi yote ya pwani na bara, kisha akaenda kuuleta mkokoteni.

Bolti na nati zake alizipanga kwa ukoo. Sisi Waluguru habari za ukoo tunazijua, hakuna anayeposa bila kuuliza, kwa hiyo maneno yake hayakunipa shida. Alisema kuna bolti yenye meno mapana na kuna yenye meno membamba, na kwa macho utasema zimezaliwa tumbo moja. Ukiipa bolti nati isiyo ya ukoo wake, itaingia mzunguko wa kwanza, pengine na wa pili, kisha itakaza. Mjinga akiona imekaza hufurahi. Kumbe imekaza kwa sababu meno yanakatana.

"Nati inayokubali kwa vidole mpaka karibu na mwisho, huyo ni mchumba," alisema. "Inayotaka spana tangu mlangoni, shemeji, hiyo umeiteka. Itakutoroka."

Jambo la pili lilikuwa shina, ile sehemu ya bolti isiyo na meno. Shina lazima lijaze tundu sawasawa, meno yakae nje, yashike nati tu. Meno yakiingia tunduni yakabeba uzito, basi kila bonde la jino ni mahali pa kuanzia ufa. La tatu lilikuwa ugumu. Alipitisha tupa ya kunolea juu ya kichwa cha bolti, taratibu, akiwa ameinamisha sikio. Tupa ikila kidogo, anatabasamu. Tupa ikiteleza kama juu ya chupa, anairudisha bolti koponi hata kama ni mpya inayong'aa.

"Chuma kigumu mno hakiagi," alisema. "Kizuri hupinda kwanza, kikakupa nafasi ya kuogopa."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo baadaye. Alikuwa akiogopa kwa ajili ya watu wote waliopanda juu ya bolti zake na hawakujua hata kama zipo. Uoga wake ulikuwa na ngazi: chini kabisa kuku, juu yake mbwa, juu yake radi, na huko kileleni vilikaa vitu viwili, bolti mbaya na kiboko. Kipi kilikuwa juu ya mwenzake hatukujua, wala yeye hakujua, mpaka siku ya motokaa.

Kabla sijafika huko lazima niseme habari za utani. Fundi alikuwa Mnyamwezi, mume wangu Baba Mwajuma alikuwa Mluguru, na watu hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana wewe na marehemu babu yako, nawe huruhusiwi kununa. Huingia kwako akachukua anachokipenda, na kilichochukuliwa na mtani hakirudi. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kufanya vituko ili watu wacheke katikati ya machozi. Fundi alinichukulia kigoda, ungo, kata ya maji, na chungu changu kikubwa cha mboga alichokifinyanga mama yangu kule milimani. Chungu kile kiliniuma. Kila nilipochungulia kwenye matete nilikiona kimejaa nati, mafuta meusi yakitiririka ubavuni. Baba Mwajuma naye hakulala, alikuwa amechukua mkeka wa Fundi, kofia yake na koleo moja ambayo hatukujua hata ya nini.

Na kila siku walikuwa wakiuana kwa maneno.

"Mluguru, unakufa lini nile wali?"

"Namsubiri mwoga atangulie. Wewe utakufa kwa kuangukiwa na kivuli."

"Utafia juu ya ile motokaa yako. Nitakuja kukuzika na spana."

Yalikuwa mazungumzo yao ya salamu, hayakuwa na uzito zaidi ya hujambo. Mimi nilikuwa napepeta mchele huku nasikia mume wangu akizikwa mara tatu kabla ya adhuhuri.

Motokaa haikuwa ya mume wangu, ilikuwa ya Mdachi mmoja mwenye shamba la mpira, tuliyemwita Bwana wa Mpira. Aliiendesha mwenyewe. Baba Mwajuma alikuwa mtu wa kuizungusha mtaimbo iwake, kuitia maji, kushuka na jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu kwenye mlima. Njia ikiwa nzuri alikaa kwenye kiti cha nyuma, juu kabisa ya gurudumu, akipungia watu mkono kama sultani. Mimi nilikichukia kiti kile. Fundi alikuwa amenionyesha kilivyokaa. Chini yake kuna springi, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mwisho wa springi kuna jicho, na katika jicho hilo inapita bolti inayoishikilia kwenye mwili wa gari. Bolti ikikatika, springi inaachia, gari linalala upande. Likilala mahali pa tambarare watu wanacheka. Likilala kwenye mteremko wa kwenda Mkuyuni, ambako upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni majani ya juu ya miti, hakuna wa kucheka.

Mwaka mmoja baada ya masika motokaa ilirudi kutoka njia ya Kisaki ikichechemea. Fundi akaingia chini yake, akatoka na bolti ya jicho la springi ya nyuma, imepinda lakini nzima. Aliishika kwa heshima. Akaniambia kupitia kwenye matete kwamba bolti hii imefanya kazi yake, imepinda badala ya kukatika.

Bwana wa Mpira alikuja siku ya pili na bolti mpya iliyofungwa kwenye karatasi ya mafuta. Aliipata mwenyewe kwenye ghala moja, nikaona ilivyong'aa alipoifungua. Alikuwa mtu wa vitu vipya, kitu cha zamani kilimtia kichefuchefu.

"Hii," alisema. "Kesho asubuhi nashuka Mkuyuni kumpokea mgeni wangu. Iwe tayari."

Fundi alisema ndiyo Bwana hata kabla Bwana hajamaliza, na akaendelea kusema ndiyo Bwana baada ya Bwana kuondoka.

Alasiri ya siku ile Baba Mwajuma alikuwa amekaa uani anatafuna muwa. Fundi akaingia. Hakuingia na tusi kama kawaida yake. Alisema salamu aleikum, tukaitikia.

"Mluguru," akasema, "kesho utakufa."

"Nife mara ngapi? Jana pia ulinizika."

"Kesho usipande. Mwambie Bwana unaumwa tumbo. Au tembea kwa miguu, mkutane Mkuyuni."

"Nitembee mzigo kichwani kama babu yako mpagazi? Mnyamwezi, kazi hiyo mlizaliwa nayo ninyi."

Mume wangu akacheka mpaka muwa ukampalia. Fundi hakucheka, wala hakurudisha tusi. Alitoka nje ya ua, akarudi amebeba vitu. Akaweka chini kigoda. Akaweka ungo, na kata ndani ya ungo. Mwisho akaweka chungu cha mama yangu, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka wekundu wake wa zamani umerudi, ndani hakuna hata nati moja.

"Ameona haya ya wizi," alisema Baba Mwajuma, akijifuta machozi ya kicheko. Akainuka kwenda msikitini, na njiani nikamsikia akimsimulia mtu kwamba leo Mnyamwezi ametubu.

Mimi nilibaki nakitazama chungu. Hakuna mtani anayerudisha. Nilimjua mzee mmoja aliyelala kwenye kitanda cha mtani wake miaka ishirini na mwenye kitanda analala chini, na hakuna aliyesema nirudishie. Mtu hurudisha vitu pale anapoacha kutania. Alikuwa amemwambia mume wangu ukweli kwa maneno yaleyale ya kila siku, kwa sababu hakuwa na mengine, na mume wangu amecheka kama anavyopaswa kucheka.

Nilijifunga kanga vizuri nikapita kwenye matete.

Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, bolti mbili mbele yake juu ya gunia. Moja ile mpya. Ya pili nyeusi, ina kutu kichwani.

"Hii mpya," alisema bila kuniangalia, "shina lake ni jembamba kidogo kuliko tundu, na meno yanaingia ndani. Tupa inateleza juu yake. Ni bolti nzuri ya kufungia mlango. Na hii nyingine imetoka kwenye motokaa hiihii, upande wa pili, mwaka jana walipobadilisha springi. Bwana alisema itupwe. Nikaiokota."

"Inafaa?"

"Nimeipima kwenye tundu. Nati inapanda kwa kidole."

"Basi ifunge hiyo."

"Bwana ameniletea mpya kwa mkono wake. Nikifunga takataka aliyoiagiza itupwe, nimemwibia na nimemtukana." Akavuta pumzi. "Nilijaribu kumwambia karani wake. Akaniuliza kama mgongo unaniwasha."

"Fundi, wewe ukipigwa utalala kifudifudi, kisha utaamka. Baba Mwajuma akianguka kule hataamka."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji," alisema, "wewe hujawahi kupigwa."

Nilisimama pale nikatamani kumshika miguu na nikatamani kumpiga kofi, na sikufanya lolote. Nilirudi kwangu. Usiku nilimsihi mume wangu asiende. Aliniambia mtu aliyeandikwa kazi asipotokea asubuhi, anatafutwa na askari kabla ya mchana, na kwamba mimi nimeingia utani wa watu bila kualikwa. Akalala fofofo. Mimi niliogopa mpaka nikasikia adhana.

Asubuhi motokaa ilisimama mbele ya karakana. Watu walikuwepo, kama walivyokuwepo kila inapowashwa: wanawake wa milimani na vikapu vyao vya mboga, vibarua, askari mmoja aliyefuatana na Bwana. Fundi alisimama pembeni, mikono imejaa mafuta. Nilimtafuta usoni nijue amefunga ipi. Uso wake haukuniambia kitu, alikuwa anatetemeka tu, na kutetemeka kwa Fundi hakukuwa habari.

"Tayari?" aliuliza Bwana.

"Tayari, Bwana," akasema Fundi, akainama kwa heshima, akainama mno kama kawaida yake.

Bolti mpya ikachomoka kifuani mwa shati lake. Ilianguka juu ya jiwe, ikalia, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Bwana.

Mtu mwingine yeyote angeificha darini, angeitupa mtoni, angeifukia. Yeye aliogopa kuiacha mbali na macho yake isije ikaonekana, akaibeba kifuani. Hapo ndipo nilipojua amefunga ya zamani. Moyo wangu ulifurahi na kuogopa kwa pamoja, nikajishika kwenye ukuta wa matete.

Bwana aliiokota. Akainama, akatazama chini ya gari, akainuka.

"Yangu ninayo mkononi," alisema kwa upole ambao sote tuliujua. "Humo ndani kuna nini?"

"Ya zamani, Bwana. Ya motokaa hii."

"Niliyosema itupwe."

"Ndiyo, Bwana."

Alitoa saa yake akaitazama. Mgeni alikuwa anangoja Mkuyuni, na kufungua springi upya ni kazi ya nusu siku. Akamwambia askari maneno machache, akapanda. Mume wangu, ambaye alikuwa bado hajaelewa, akazungusha mtaimbo, motokaa ikakohoa ikawaka, naye akarukia kiti chake. Ilipokata kona kuelekea milimani alinipungia mkono. Upande wa pili wa njia askari alikuwa anamshika Fundi chini ya kwapa, maana miguu ilikuwa imekataa.

Walimpeleka boma. Sauti yake ilifika sokoni, na wauza mboga wakaacha kuita wateja. Niliketi uani na mikono masikioni, huku nangojea sauti nyingine kutoka milimani, ambayo sikujua kama ingeweza kufika mpaka kwetu.

Alasiri motokaa ilirudi. Ilirudi tu, kama kitu cha kawaida, na mgeni mnene ndani yake, na Baba Mwajuma juu ya kiti chake amepakata mkungu wa ndizi. Hakuna kilichotokea. Njia ilikuwa mbaya, alisema, walirukaruka sana, mgeni alitapika. Alipoambiwa habari za Fundi alisikitika kidogo, kisha akasema Mnyamwezi ameponzwa na udokozi, hata bolti ya Mzungu anaitia kifuani. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unamtetea mwizi wangu." Aliendelea kuamini hivyo mpaka anaingia kaburini, na Fundi hakumsahihisha hata siku moja.

Nilimpelekea Fundi uji. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, na safari hii shati hakulivaa, halikuvalika. Niliona mistari ya zamani chini ya mipya.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Bolti imepinda?"

"Haikupinda."

Aliinua kichwa, akaonja uji.

"Pengine hata ile nyingine ingeshika, shemeji," alisema. "Sijui. Ukichagua vizuri hakuna kinachotokea, sasa utajuaje?" Kisha akasema, "Leo sikuhesabu," na akaomba maji.

Alipona, akarudi kwenye mvukuto wake, akaendelea kumkwepa kuku. Lakini tangu siku ile hakuchukua kitu nyumbani kwangu. Mume wangu alimtukana kama zamani, naye aliitikia nusunusu, kama mtu anayeimba wimbo aliousahau. Nadhani aliona kwamba utani wao ameuvunja mwenyewe, kwa kusema kweli mahali ambapo kweli haisemwi. Chungu kilikaa kwangu, safi, nikapikia mboga. Ilinikera kila nilipokiosha.

Kisha vita vikatufikia. Kabla Wadachi hawajauacha mji, askari walikuwa wanakamata wanaume njiani, sokoni, hata msikitini, wakawabebeshe mizigo ya vita, na waliokwenda wengi hawakurudi. Fundi hakungoja kukamatwa. Alifunga karakana akapotelea milimani, akajificha kwa Waluguru, watani wake haohao aliowaita walaji wa majani. Baba Mwajuma alicheka sana alipopata habari. Hicho kilikuwa karibu kicheko chake cha mwisho, kwa sababu homa ilimshika baada ya hapo, na mwezi haukuisha.

Sitasema mengi juu ya kifo chake. Niliumia na bado naumia. Nitasema tu kwamba msiba ulikuwa wa wanawake na wazee. Wanaume wenye nguvu waliogopa kuonekana mahali penye watu, na jeneza lilikuwa tayari mlangoni bila mabega ya kutosha. Palikuwa kimya. Hakuna mtani wa kufanya vituko, na mimi nilifikiri, hata hilo wamemnyima.

Wakati wanataka kuliinua jeneza, akaingia mwanamke mrefu mno, amejitanda kaniki gubigubi, kikapu cha mboga kichwani. Alikitua kikapu, akajilaza chini mlangoni, kati ya jeneza na njia. Hapo nikaona ndevu zilizoungua upande mmoja.

Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Watani huvaa nguo za kike msibani, ni vituko vyao, hakuna aliyeshangaa. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona magoti yake chini ya kaniki yanavyogongana. Alikuwa ameshuka mlima mchana kweupe, amepita sokoni, amepita mbele ya askari wawili.

"Mluguru," alisema akiwa palepale chini, "nilikwambia kesho unakufa. Nimekaa kule juu nangoja wali, nangoja, nangoja. Hata kufa unachelewa, mvivu we."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, na kilio nilichokuwa nimekizuia tangu asubuhi kikatoka pamoja na kicheko. Fundi akainuka, akajifunga kaniki kiunoni, akatia bega lake refu chini ya jeneza, likainuka. Walimpeleka. Aliporudi kutoka makaburini hakukaa. Aliangaza macho njiani, kulia na kushoto, kisha akapita ndani mpaka jikoni kwangu kama zamani, bila hodi, na akatoka na chungu.

"Hiki changu," alisema.

"Mwizi mkubwa we," nikamwambia. "Mwenyezi Mungu akulaani."

"Amina, shemeji."

Akakitia ndani ya kikapu, akajitanda kaniki, akashika njia ya milimani. Kule stesheni tulisikia viatu vya askari. Alianza kukimbia, kikapu kikiyumba kichwani, mkono mmoja juu umekishika. Angekitupa angekimbia vizuri zaidi. Nilimtazama mpaka alipopinda kona, na hakukitupa.